Injini Imezaliwa Imelala

Baba yangu hajawahi kukubali kwamba pikapu yake ilikufa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba yetu kule Soni, chini ya mparachichi, matairi yamekwisha upepo na nyasi zimeotea kwenye bodi, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba gari limepumzika. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa hawapiti kijijini bila kuchungulia uani kwetu. Waliitazama kwa ile huruma ya ndugu wa mbali anayekuja kumjulia hali mgonjwa mwenye mashamba. Baba aliwakaribisha chai, akawauliza habari za watoto, akawasindikiza hadi barabarani, na alipohakikisha wameipita kona ya kwanza alirudi kuhesabu nati za magurudumu.

Ni Peugeot 404 ya mwaka 1972. Aliinunua mwaka 1981 kwenye mnada wa shamba moja la mkonge kule bondeni, akiwa bwana shamba kijana aliyepewa pikipiki na serikali na ambaye hakuipenda ile pikipiki hata siku moja. Kwa nini Peugeot, wakati wenzake wote waliota Land Rover? Jibu lake huanzia Pasaka ya mwaka 1966, na ukimwuliza ni vizuri uwe umeshakula. Mbio za Safari wakati huo zilikuwa za Afrika Mashariki kwelikweli. Zilianzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na milima yetu ya Usambara ilikuwa moja ya sehemu ambazo madereva hawakuzitamani mvua ikinyesha. Baba alikuwa na miaka kumi na mmoja. Anasema alikuwa amesimama juu ya ukingo wa barabara, mvua inamwagika, ikapita Peugeot 404 iliyopakwa tope mpaka kwenye vioo, na ndani yake Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akampungia mkono.

Kwamba Shankland na mwenzake Chris Rothwell walishinda mwaka ule, na wakashinda tena 1967, hilo limeandikwa. La kupungiwa mkono halina ushahidi. Mama anasema yule mtu alikuwa anafuta kioo.

Baba pia atakukumbusha kwamba mwaka 1963 na mwaka 1968 Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa 404 hiyohiyo, na katika kila mwaka wa hiyo miwili magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Ile saba huitumia kumalizia mabishano ya kila aina, yakiwemo ya siasa na ya bei ya kabichi.

Mimi ni binti yake, mhasibu Dar es Salaam, na wazo la kuifufua lilikuwa langu. Nilikuwa nimezama kwenye video za Wazungu wanaochukua gari lililooza, wakalivua mpaka mifupa, wakalirudisha lilivyotoka kiwandani, yote hayo ndani ya dakika chache na muziki laini nyuma yake. Katika video zote hizo sikuwahi kuona kuku.

Yetu ilianza na kuku. Tulipofungua mlango wa dereva tulimkuta ametamia kwenye kiti, pale ambapo sponji ilikuwa imechomoza, naye akatutazama kwa jicho la mwenye hati ya nyumba. Kuku hutamia siku ishirini na moja. Mama alitoa hukumu akiwa jikoni, bila hata kutoka nje: hakuna atakayeligusa gari hilo mpaka vifaranga watoke. Likizo yangu ilikuwa ya wiki mbili. Tukaanza na kazi za chini ya gari, tena kwa kunong'ona, na spana ikianguka sote watatu, kuku akiwemo, tulitulia tuli kusikiliza kama Mama amesikia.

Hapa kuna jambo la kifamilia inabidi nilieleze. Nimepewa jina la bibi, mama yake Baba, kwa hiyo tangu nizaliwe Baba huniita mama. Mezani ni heshima nzuri. Chini ya gari ni balaa, kwa sababu Baba hawezi kumfokea mama yake. Karai la oili chafu lilipotoka mikononi mwangu likamwishia yeye kifuani, alifumba macho, akapumua, akasema, "Ahsante mama. Siku nyingine tuambiane." Hasira iliyobaki, na ilikuwa nyingi, ilihifadhiwa kwa ajili ya fundi.

Fundi alikuwa kijana wa gereji moja ya Mombo, hodari sana wa Noah na Probox. Alifika na kile kikompyuta cha kupimia magari, akainama chini ya usukani kutafuta mahali pa kukichomeka. Akatafuta upande wa abiria. Akataka kutafuta chini ya kiti, tukamwonya.

"Mzee, sasa hili gari unaliulizaje linaumwa nini?"

"Huliulizi. Unalisikiliza."

Akatafuta gia. Sakafuni hapakuwa na kitu, mpaka Baba alipomwonyesha kile kipini kirefu kinachotokea ubavuni mwa usukani. Kijana alikishika kwa vidole viwili, akakiachia, akajifuta mkono kwenye ovaroli. Kisha tukafungua boneti.

"Mzee, injini imelala."

"Imezaliwa imelala."

"Hapana, Mzee, imelala kabisa. Hizi maunti zimekatika." Na kabla hatujamzuia alikuwa ameshakwenda kuleta jeki ili aisimamishe.

Ukweli ni kwamba injini ya 404 hukaa mshazari, imeinama nyuzi 45, ili boneti iweze kuwa ya chini. Waliibuni hivyo Wafaransa wenyewe, na umbo la nje wakamwachia Pininfarina wa Italia. Baba alimweleza kijana yote haya akiwa ameikalia ile jeki. Hawakuelewana siku hiyo. Kesho yake kijana alirudi na mafundi wenzake kutoka Mombo. Hawakuja kufanya kazi, walikuja kuangalia injini iliyolala. Wakapiga picha. Mama akawauzia maparachichi.

Nisiache kukitaja kitabu. Gari lilipigwa mnada pamoja na kitabu chake cha matengenezo, kizito, kimeandikwa kwa Kifaransa kuanzia jalada hadi jalada. Nyumbani kwetu hakuna anayejua Kifaransa. Mwaka 1981 Baba alikipitia picha kwa picha na kuandika maelezo yake kwa penseli pembeni mwa kila mchoro. Kidude cha juu. Kidude cha pembeni. Kidude kinachovuja. Usiguse. Na chini ya mchoro mmoja wa giaboksi: nimegusa, ona ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa mwisho haupo.

Ugomvi wetu mkubwa haukuwa wa spana wala wa kitabu. Mimi nilitaka gari lirudi lilivyokuwa. Baba akauliza: lilivyokuwa lini?

Niliona ananibishia tu, mpaka tulipoanza kufungua. Kila tulichofungua kilikuwa na mwaka ndani yake. Tulipofungua rejeta, maji yalitoka ya rangi ya wali wa harusi. Ilikuwa manjano, ile ya kuungia mboga, ambayo Baba aliitia ili ivimbe na kuziba tundu, nayo ikaziba, pamoja na mabomba mengine ambayo hayakuwa na tundu. Kwenye springi za nyuma kulikuwa na jani moja la lori la Bedford. Bushi zilikuwa zimekatwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Pampu ya maji ilizibwa kwa uzi wa mkonge uliosokotwa na kupakwa grisi, na nikiri kwamba ilikuwa kazi safi kuliko nyingi nilizoona kwenye video.

Baba alivipitia vyote kwa tarehe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na ukabaki umefungwa hadi 1983. Spea zilikuwa Nairobi, gari lilikuwa Soni. Fedha za kigeni hazikuwepo, na hata mtu mwenye shilingi zake alikuta kaunta tupu na muuzaji aliyesinzia. Basi gari la Kifaransa likaendelea kuishi kwa vitu vya Usambara. "Hii ni ya kabla mpaka haujafunguliwa," alisema akiigonga pampu kwa ukucha. "Hii ya vita vya Amini, niliikuta nayo. Hii nilitia siku aliyozaliwa kaka yako Rajabu, ndiyo maana imepinda."

Nikasema tutoe vyote tuweke vya kiwandani. Baba akasema kule kiwandani walilitengeneza mara moja tu wakaliacha liende zake. Yeye amelitengeneza miaka na miaka. Sasa kati ya hao wawili, mwenye gari ni nani? Kwa mhasibu swali hilo lina jibu la hati ya umiliki, na hati ilikuwa na jina lake. Tukaafikiana kanuni moja: kinachoshika kibaki, kinachovuja kitoke.

Kanuni ilidumu mpaka tulipofika kwenye tangi la mafuta.

Chini ya tangi kulikuwa na kiraka cha gunia na lami, kikubwa kiasi cha kiganja. Fundi alikikwangua kwa bisibisi, akafikia kitu kigumu cha rangi ya njano iliyokolea, akakinusa.

"Mzee, hii ni sabuni."

Baba akaanza somo. Petroli haiyeyushi sabuni, alisema, ndiyo maana madereva wa zamani walitembea na kipande kwenye dashibodi; tangi likitoboka unaikandamiza pale palipotoboka na safari inaendelea. Alikuwa anaeleza vizuri sana, na ndiyo sababu hakumwona Mama amesimama na ndoo nyuma yake.

"Sabuni ya lini?"

"Ni kemia ya kawaida tu, Mama Rajabu. Mafuta na..."

"Ya lini?"

"Themanini na mbili."

Msomaji aliyekuwa mtu mzima mwaka 1982 hahitaji kuelezwa. Sabuni ilipatikana kwa foleni, na foleni ilipangwa kwa mawe kabla hakujakucha. Mwaka huo mche mzima wa sabuni ulitoweka kabatini mwa Mama, katika wiki ileile ambayo wifi yake, dada yake Baba, alikuja kututembelea kutoka Lushoto. Mama hakusema neno. Hakuhitaji. Kwa zaidi ya miaka arobaini shangazi amepokewa nyumbani kwetu kwa wali, kwa kuku, kwa mkeka mpya na vicheko, na kila akiingia bafuni amekuta pa kuwekea sabuni pakavu.

Mama aliweka ndoo chini, akanawa mikono, akampigia simu wifi yake palepale mbele yetu, kwa spika. Alimwomba radhi kwa maneno mazuri ambayo sikujua kama anayo. Upande wa pili ukawa kimya muda mrefu.

"Wifi," shangazi akasema hatimaye, "mimi nilichukua ule wa pili."

"Wa pili upi?"

Baba akarudi chini ya gari. Alikaa huko mpaka magharibi.

Nadhani hapo ndipo alipoona ni salama kutaja siri nyingine, kwa kuwa siku hiyo ilikwisha kuharibika. Tulihitaji kabureta. Ile iliyokuwepo ilikuwa imeliwa na kutu na mchwa, ingawa fundi alishikilia kwamba mchwa hawali chuma. Baba akasema, taratibu, kwamba kabureta mpya ipo. Haijawahi kutumika. Ni Solex, bado imo katika karatasi yake ya mafuta, pamoja na seti ya pistoni na pointi za distributa.

"Iko wapi, Baba?"

"Shambani."

Vijana wa leo hawajui mwaka 1983 ulivyokuwa. Waziri Mkuu Sokoine alitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na kila mwenye bidhaa asiyoweza kuieleza alipoteza usingizi. Kuna waliotupa sukari mtoni. Kuna waliomwaga mafuta ya kupikia chooni. Baba alikuwa na kidebe kimoja cha spea zilizovuka mpaka kwa njia ambazo hadi leo huzieleza kwa kukohoa. Hakuwa mhujumu, alikuwa mtu mwenye gari lenye njaa. Usiku mmoja alikichukua kile kidebe na jembe, akaenda kukifukia kwenye migomba, akapima hatua kutoka mgomba mmoja mkubwa hadi mwingine, akaja kulala. Akapata usingizi mzuri. Hofu ilipopita, akasema, alirudi kukitafuta mara kadhaa, kimyakimya, asikione.

Sasa, mgomba hautulii. Ukizaa mkungu unakufa, na mche unaoufuata huota pembeni, na wa baada ya huo pembeni zaidi. Baada ya miaka arobaini shamba zima limeshahama. Bwana shamba mstaafu, aliyefundisha vijiji vya wilaya nzima namna ya kupogoa migomba, alikuwa ameweka alama ya hazina yake kwenye mmea unaotembea. Nilimtajia hilo. Akasema, "Ilikuwa usiku, mama."

Tulichimba. Tulianza kwa hatua zake, tukaendelea kwa kumbukumbu zake, tukamalizia kwa makisio ya fundi aliyekuwa analipwa kwa siku na hakuwa na haraka. Mama alituletea uji shambani kila saa nne, wema ambao ungetosha kunitia shaka kama nisingekuwa na malengelenge mikononi. Hata alishauri. "Jaribuni na ule upande wa juu," alisema. "Kule kwenye magugu." Tukajaribu kule kwenye magugu. Shamba lote lilipokuwa limechimbuliwa, udongo umegeuzwa vizuri, mawe yamewekwa kando na mvua za vuli zinanukia, Mama alisimama juu ya tuta akaliangalia kwa kuridhika.

"Mnatafuta kile kidebe cha vyuma?"

Baba aliegemea jembe.

"Mbona nilikifukua zamani. Mwaka ule alipoingia madarakani Mzee Ruksa. Nilikuwa napanda magimbi. Nikampa dereva wa lori la kabichi, akanipa doti mbili za khanga na kitambaa cha sare za Rajabu."

"Na kidebe chenyewe?"

"Si hicho ninachopimia mahindi?"

Nikamwona Baba anapiga hesabu: mche wa sabuni huku, kidebe cha spea huku. "Sare," akasema, na mpaka leo hakuna kati yao aliyerudia kuyataja hayo mambo mawili. Kesho yake Mama alipanda viazi.

Mengine yalikwenda haraka zaidi, maana yalikuwa ya fedha tu. Kule Shaurimoyo, Ilala, muuza spea aliniangalia kwa upole, akaniambia, "404? Dada, hiyo siyo gari tena, hiyo ni picha." Kit ya kabureta ilipatikana Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, kwa mzee aliyetaka kwanza nimhakikishie kwamba gari lipo kweli. Huko nilijifunza kitu cha maana: injini ya 504 imetokana na hii ya 404, kwa hiyo ukikosa cha huku mara nyingi cha kule kinakubali, pengine kwa kupiga tupa kidogo. Gasketi ya silinda hedi ilitoka Ufaransa. Pamoja na usafiri na ushuru iligharimu shilingi nyingi kuliko Baba alizolipia gari zima mwaka 1981. Nilimwonyesha kwenye jedwali langu la hesabu. Alisema mwaka 1981 shilingi ilikuwa shilingi, na akaniomba, kama mama yake, nilifunge hilo jedwali.

Rangi nayo ilileta maneno. Tulipopiga msasa tulikuta kijani aliyopaka Baba, chini yake kijivu cha shamba la mkonge, na chini kabisa krimu ya kiwandani. Mimi nikataka krimu. Baba akataka kijani. Zikatajwa gharama, akakumbuka kwamba bado ana kopo la manjano, tungeweza kuchanganya. Mama akamkumbusha kwamba akizungushia milango ya kijani mstari wa manjano, kabla ya jioni watu watakuwa wamejaa uani kuomba fulana za kampeni na kuuliza anagombea udiwani au ubunge. Ikawa krimu.

Siku ya kuiwasha, betri mpya ilizungusha stata, stata ikalia, injini ikakataa. Baba alifurahi waziwazi. Akaingia ndani, akatoka na hendeli aliyokuwa ameiweka chini ya kitanda, akaipitisha kwenye tundu lililopo mbele ya gari, na kumfundisha fundi kushika: vidole vyote upande mmoja, dole gumba lisizunguke, kwa sababu injini ikirudi nyuma hendeli huchukua dole gumba na halirudishi. Fundi, mtu wa Probox, alizungusha kwa uso wa mtu anayeshikishwa nyoka. Mara ya kwanza gari lilikohoa. Kisha likatoa kishindo na wingu la moshi mweusi, na kutoka kwenye bomba la ekzosi likaruka kiota kizima cha panya, kikavuka uani, kikatua kwenye ungo wa mchele wa Mama. Injini ikashika. Ililia vizuri sana, na nilimwona Baba anasema kitu kwa muda mrefu ambacho hakuna aliyekisikia, nadhani kilihusu magari saba.

Habari zilienea. Siku hizi maharusi hawataki tena gari la vioo vyeusi, wanataka kupigwa picha na kitu cha kale, na kijiji kizima hakikuwa na kitu cha kale kinachotembea zaidi ya pikapu yetu. Kijana wa jirani alikuwa anaoa Mombo. Baba alikubali kabla hajaulizwa. Mpambaji akaja kutoka Korogwe, akaifunga utepe mweupe kuanzia kwenye boneti hadi bodi la nyuma, mita kwa mita, na maua ya plastiki kwenye vioo vya pembeni.

Kwenda ni mteremko, hakuna la kusimulia. Kurudi ni barabara ileile waliyoichonga Wajerumani mlimani, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na upande wa pili hewa. Bibi harusi alikaa mbele na somo wake, Baba kwenye usukani, sisi wengine nyuma pamoja na tarumbeta. Kiasi cha nusu ya mlima tulisikia mlio wa kitu kinachokatika. Kisha tukanusa joto.

Mkanda wa feni. Ule mkanda ulikuwa mada tangu mwanzo. Mimi nilitaka ubadilishwe, Baba aliukunja kwa vidole, akasema unashika, na kanuni ilikuwa kanuni. Bila mkanda pampu ya maji haizunguki, na bila pampu mlima ule ungeichemsha gasketi ya Ufaransa ndani ya kona mbili. Baba alifungua boneti, akaangalia, akasimama wima, na macho yake yakasafiri polepole kwenye ule utepe mweupe, kutoka mwanzo hadi mwisho wake.

"Mama," akaniambia, "wewe unajua kusuka."

Nikasuka. Somo alikataa katakata bibi harusi asitie mkono, ila bibi harusi mwenyewe alikwisha kushuka na kusema kwamba mimi nasuka legelege, hivyo hautafika hata Soni. Alinipokonya ncha moja. Tulisuka utepe wa mikondo mitatu kando ya barabara, yeye na hina yake mpaka kwenye viwiko, huku tarumbeta zikipigwa kwa sababu wapigaji walikuwa wameshalipwa kwa saa. Fundi aliuzungusha kwenye puli, akafunga fundo la ubavuni, akalikata mikia kwa meno. Injini ikawashwa. Utepe ukazunguka.

Tulipanda mwendo wa maiti, tukisimama kila penye chemchemi. Picha za harusi ile ni nyingi na ni nzuri, na katika karibu zote bwana harusi, aliyetufuata na gari la nyuma, ana ndoo mkononi.

Niliporudi tena kijijini nilileta mkanda mpya kutoka Dar es Salaam, wa kipimo halisi, ndani ya boksi. Baba aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauweka kabatini. Kisha akanichukua hadi kwenye gari, akafungua boneti, akanionyesha ule utepe, mweusi kwa grisi, umekaza puli vizuri. Amekuwa akiendea nao sokoni na kurudi. Katika kitabu cha Kifaransa, kwenye mchoro wa feni, kulikuwa na maandishi mapya ya penseli: mkanda wa maharusi, usiguse.

"Unashika," akasema.

"Baba, hicho ni kitambaa."

"Unashika, mama."

Mama ndiye aliyetuita ndani. Yule mpambaji wa Korogwe alikuwa kwenye simu kwa mara nyingine, anahesabu mita zake. Ule utepe ulikuwa wa kukodi.